Chupa Namba Moja

Jumapili hiyo ya Machi Gachau alimaliza ugali wote uliokuwa kwenye sahani, akaomba mwingine. Ndila, mkewe, alirudisha sufuria jikoni na kusonga ule wa pili akiwa ameupa mlango mgongo, maana hakutaka mumewe amwone akipangusa macho. Tangu Januari mtu huyo alikuwa akila vijiko vitatu, anasukuma sahani, anageukia ukuta.

"Mama Ciku," Gachau alisema alipoletewa, "hiyo dawa yenu ya lab inafanya kazi."

"Usiiseme kwa sauti."

"Nani atanisikia?"

"Rachael yuko njiani."

Rachael alikuwa dada yake Gachau. Aliuza nguo za mitumba Githurai 45, na kila Jumapili akitoka kanisani alipitia kwao Ruiru akiwa na machungwa na mawaidha. Siku hiyo alipoingia alimtazama kaka yake macho, akamtazama tumbo, akakaa.

"Umepungua uvimbe," alisema. "Umeacha?"

"Nimeacha nini?"

"Gachau, mimi ni dada yako."

Gachau alimenya chungwa. Hakuwahi kunywa pombe maishani, na Rachael alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa walilelewa nyumba moja. Lakini kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga, tangu tumbo lake livimbe na macho yawe ya manjano, habari ilikuwa imeshaamuliwa pale mferejini. Hospitali ya Thika walikuwa wamempima wakasema ni virusi vya homa ya ini aina ya B, yaani hepatitis B, vilivyokaa mwilini labda miaka ishirini bila kubisha hodi. Walimpa kidonge cha kumeza kila siku bila kuruka, na vingine vya kutoa maji tumboni. Yote hayo ni maneno marefu. Ruiru mwanamume akivimba tumbo, amekunywa, na hata dada yake alikuwa ameanza kuamini.

"Basi endelea hivyo hivyo," Rachael alisema, akamwekea machungwa mengine mezani.

*

Ndila alifanya kazi kwenye nyumba ya panya ya chuo kimoja kilicho kando ya barabara kuu, mbele ya Witeithie ukielekea Thika. Alibadilisha maranda kwenye vizimba, akajaza maji, akaosha meza na sakafu. Miaka tisa alikuwa ameona wanafunzi wakija na panya weupe na kuondoka na shahada, na wengi wao hawakujua jina lake.

Nyawira alilijua. Alikuwa mwanafunzi wa uzamili, msichana mpole wa miwani, na utafiti wake ulikuwa juu ya kichaka kinachoota kwenye nchi kavu ya Gatuanyaga, ambako Ndila alizaliwa. Aliposikia hivyo alimwomba msaada, na Ndila akamletea magunia mawili ya majani kutoka shamba la kaka yake, Musau. Mama yao alizoea kuyachemsha majani hayo akawanywesha mbuzi walioacha kula.

"Tunataka kuona kama yanalinda ini," Nyawira alimwambia siku ile aliyopokea magunia. Akamnunulia chai. Hakusema zaidi, na Ndila hakuona kama ni mahali pake kuuliza.

Vizimba vilikuwa sita, vimeandikwa namba moja hadi sita, na kwenye friji kulikuwa na chupa sita zenye namba hizo hizo. Kila asubuhi Nyawira alimshika panya mmoja mmoja shingoni na kumnywesha kwa sindano butu iliyopinda. Mwisho wa Februari ikafika siku ya kuwapasua. Ndila alisimama kando na ndoo yake, akingoja meza. Aliona maini yakipangwa kwenye karatasi nyeupe, safu kwa safu. Ya kizimba cha pili yalikuwa yamefura na kupauka, yana madoa, kama nyama iliyochemshwa ikaachwa. Ya tatu, nne, tano na sita yalikuwa nusu kwa nusu. Lakini ya kizimba cha kwanza yalikuwa mekundu ya kukolea, laini, yanang'aa.

Daktari Kahiga, msimamizi wa Nyawira, aliinama juu ya karatasi, mikono nyuma.

"Namba moja ni safi kabisa," alisema. "Rudia mara ya pili tuwe na uhakika."

Ndila alikwenda nyumbani na maneno hayo. Usiku na mchana yalikaa naye. Alimwona mumewe akijishika mbavu, akafikiria ini lake ndani humo, limepauka, lina madoa.

Wiki iliyofuata Nyawira alileta panya wapya, akajaza chupa upya. Asubuhi moja, kabla mtu hajafika, Ndila alifungua friji. Chupa ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa na kitu kama maji yaliyooshewa sukuma wiki. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, nzito kidogo, haina hata chembe. Akaelewa mwenyewe, jinsi alivyoweza kuelewa: hii ndiyo iliyosafishwa. Mashine imeondoa uchafu wote wa majani, ikabaki dawa yenyewe. Alimimina kiasi kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi alichokuja nacho. Miaka tisa hakuwa amechukua hata glavu moja ya kuoshea vyombo.

Baada ya hapo alichukua mara mbili kwa wiki. Nyawira alipoona chupa imeshuka alikoroga nyingine, wala hakusema neno, na Ndila akamshukuru Mungu kwa hilo.

*

Gachau alirudi gereji katikati ya Machi. Alikuwa mpiga rangi wa magari, na wenzake walifurahi kumwona. Mwezi mmoja na nusu ukapita vizuri. Ndila aliandika barua kwa Ciku, binti yao aliyekuwa shule ya bweni, akamwambia baba yako anapata nafuu, wewe soma.

Kisha, mwanzoni mwa Mei, uchovu ukarudi. Gachau alisema ni jua. Ndila alimwongezea kijiko cha dawa asubuhi na kingine jioni.

Jumatano ya wiki ya pili, saa nane mchana, fundi mmoja wa gereji alimpigia simu Ndila kazini.

"Mama Ciku, kuja umchukue mzee."

"Ameanguka?"

"Hajaanguka. Amepaka rangi kioo."

"Kioo gani?"

"Cha gari ya mtu. Ameanza na mlango vizuri, akapitiliza akapaka na kioo chote. Tunamuuliza, anatuangalia tu. Tumemuuliza leo ni siku gani, anasema tumwache amalize."

Ndila alimkuta ameketi juu ya gurudumu, bunduki ya rangi mkononi, wenzake wamesimama mbali kidogo. Mwenye gari alikuwa akizunguka gari lake, na alipomwona Ndila alisema, "Wewe ndiye bibi yake? Mnamruhusu aje kazi akiwa mlevi?" Macho ya mumewe yalikuwa ya manjano kuliko alivyowahi kuyaona. Alimpigia Rachael, wakakutana hospitalini Thika.

*

Daktari wa zamu alikuwa kijana mtaratibu mwenye sauti ya chini. Alimpima Gachau, akamwambia anyooshe mikono mbele, akaitazama ikipigapiga kama inayoaga mtu. Akaagiza damu ichukuliwe. Kisha akawaita wanawake wawili nje ya pazia.

"Ini limechafuka ghafla," alisema. "Nataka kujua kwa nini. Anakunywa?"

Rachael alimtazama Ndila.

"Hanywi," Ndila alisema. "Hajawahi."

"Sawa. Kuna dawa yoyote ya miti anatumia? Siulizi nikugombeze, mama. Kuna majani yanayosaidia na kuna majani yanayoua ini, na yote watu huyaita dawa. Nikijua ni gani, najua nianzie wapi."

Mshahara wa nyumba ya panya ndio uliolipa kodi na karo ya Ciku tangu Gachau augue. Alijua mwanamke mmoja wa usafi aliyeachishwa kwa kuchukua sabuni. Nyuma ya pazia Gachau alikuwa akimweleza mtu asiyekuwepo kwamba rangi bado ni mbichi, asiguse.

"Iko kitu," Ndila alisema.

Alitoa kichupa kwenye mkoba. Daktari alikigeuza, akasoma karatasi ya dawa ya kikohozi, akakifungua na kunusa.

"Hii ni nini?"

"Sijui jina. Imetoka kazini kwangu. Wanaitengeneza ya panya."

"Ngai," Rachael alisema polepole. "Ya panya?"

"Ni ya kulinda ini," Ndila alisema, na kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno yake kama mtu mwingine angeyasikia.

Daktari hakumkemea. "Mpigie anayeitengeneza," alisema. "Sasa hivi."

Nyawira alishika simu mara moja.

"Madam, ni mimi, mama Ciku. Niko hospitali." Ndila aligeukia ukuta. "Nimekuwa nikiiba dawa yako. Nimempa mzee wangu miezi miwili, na sasa hajui jina lake. Daktari anauliza ni nini."

"Umechukua chupa gani?" Nyawira aliuliza.

"Namba moja."

"Moja peke yake? Una hakika?"

"Moja peke yake."

"Nipe daktari."

Daktari alisikiliza, akauliza maswali mawili kwa Kiingereza, akasema sawa, akasema asante. Akamrudishia Ndila simu.

"Hiyo tunaiweka kando, haijamdhuru," alisema. "Atakuja mwenyewe akueleze. Sasa niambie, vile vidonge vya virusi anameza kila siku?"

"Anameza."

Daktari alifungua faili, akapitisha kidole chini ya mistari. "Mara ya mwisho kuchukua dawa hapa ni Februari, za mwezi mmoja. Alipaswa kurudi Machi, tena Aprili. Hakuja."

"Alikuja," Ndila alisema. "Nilimwona akitoka nyumbani na kadi yake."

"Hapa hakufika, mama. Vidonge hivi mtu akiviacha ghafla, virusi vinaamka vyote kwa pamoja. Nadhani hicho ndicho tunachokiona." Alifunga faili. "Tutamrudishia dawa leo. Na wewe utapimwa kabla hujatoka hapa, na mtoto wenu pia apimwe, maana virusi hivi huambukiza."

*

Nyawira alifika jioni, bado na koti jeupe mkononi. Walikaa kwenye benchi nje ya wodi. Rachael alikuwa amekwenda kununua uji.

"Utaniambia ni nini nimempa," Ndila alisema.

Nyawira alitoa daftari na kuchora visanduku sita. Alianza na cha pili.

"Hawa tuliwapa sumu. Panadol nyingi kupita kiasi, inaharibu ini kwa siku moja. Hatukuwapa kinga yoyote. Wa tatu, wa nne na wa tano tuliwapa majani ya Gatuanyaga kwanza, siku kumi na nne, kidogo, wastani na mengi. Halafu ndiyo tukawapa sumu, tuone kama ini litavumilia. Wa sita wakapewa dawa ya duka, tulinganishe."

"Na wa kwanza?"

"Wa kwanza hawakupewa sumu." Nyawira aliweka kalamu chini. "Kwenye chupa yao mna maji, na unga kidogo wa kufanya maji yawe mazito, ule ambao hutiwa hata kwenye aiskrimu. Ndio tunaochanganyia majani. Tunawanywesha ili nao washikwe na kumeza kama wengine. Basi."

"Lakini ini lao lilikuwa zuri kuliko yote. Niliona."

"Lilikuwa zuri kwa sababu hakuna aliyeliharibu, mama Ciku."

Mgonjwa mmoja alipita akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu. Walivuta miguu wakampisha.

"Kwa hivyo ni maji," Ndila alisema.

"Ni maji."

"Alianza kula. Alirudi kazini."

"Vidonge vya hospitali vilikuwa vimeanza kumsaidia. Daktari ndivyo anavyoona."

Ndila alitazama visanduku. Akaweka kidole juu ya cha tatu. "Na kama ningechukua hii?"

"Ningekuwa naogopa zaidi kuliko sasa. Hatujui kipimo cha mtu. Na hata kwa panya, majani yalitangulia sumu. Ini ambalo limeshaumia, sijui yangelifanya nini. Hakuna anayejua bado." Aligusa visanduku kwa kalamu. "Wewe ndiye uliyeleta majani. Ningekuchorea hivi siku ya kwanza, ingechukua dakika tano. Nilikuwa nakuona ukiosha meza, sikufikiria."

Ndila hakumwambia si kitu.

"Itabidi nimwambie Daktari Kahiga," Nyawira alisema. "Kazi yangu inaandikwa yote, na kilichotoka kwenye friji."

"Mwambie. Usiniongezee, usinipunguzie."

*

Daktari Kahiga alimwita Ijumaa. Alikuwa na karatasi mbele yake na hakumwambia akae.

"Miaka tisa," alisema. "Nilikuwa nikikutolea mfano."

"Ndiyo, daktari."

"Umeingiza mgonjwa kwenye utafiti bila mtu kujua. Angekufa, jina la idara lingekuwa wapi? Ni nini kilikufanya uchague ile?"

"Nilikusikia ukisema namba moja ni safi kabisa."

Alijaribu kukumbuka, na ilionekana alikuwa amekumbuka. "Nilikuwa naongea na Nyawira."

"Mimi pia nilikuwa hapo, daktari."

Kahiga alivuta karatasi yake karibu. Kisha akaisaini. Ilikuwa barua ya onyo, na chini yake palisemwa kwamba friji itafungwa kwa kufuli na wafanyakazi wa usafi hawataingia bila mwanafunzi. Kazi hakumwondoa. Alipomnyooshea barua alisema, "Mzee anaendeleaje?" na Ndila akasema anajua jina lake sasa. Akatoka, akaenda kubadilisha maranda, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akasimama mlangoni kumwangalia mikono, akiona aibu kuliko yeye.

*

Siku ya tisa akili ya Gachau ilikuwa imerudi yote. Manjano yalibaki, lakini alijua leo ni siku gani na aliulizia kioo cha yule mtu. Matokeo ya Ndila yalikuwa yametoka safi, amechomwa sindano ya kwanza ya kinga, na Ciku alikuwa amepimwa huko shuleni, naye safi.

Nje ya wodi Rachael alimshika Ndila mkono. Tangu siku ile ya kwanza hakuwa amezungumza juu ya pombe tena, na ndivyo alivyoomba msamaha. "Usimwambie ya maji," alisema. "Anaiamini. Mwache na imani yake apone."

"Ni hiyo imani iliyomleta hapa."

Aliingia. Gachau alikuwa ameketi kitandani.

"Umeniletea ile yetu?" aliuliza kwa sauti ya chini, akiangalia kama nesi yuko karibu.

Ndila akamwambia. Alimwambia polepole, vizimba sita, mmoja baada ya mwingine, kama alivyochorewa. Gachau alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Alipofika kwenye maji, alitazama dirishani.

"Lakini nilikuwa nasikia ikishuka," alisema. "Nilikuwa nasikia inafika mahali panapouma."

"Najua."

"Uliniambia ni dawa."

"Nilijua ni dawa. Nilikosa." Ndila alivuta kiti. "Na wewe uliniambia unaenda hospitali."

Gachau alivuta blanketi juu ya magoti.

"Nilienda, Machi," alisema. "Nikakaa kwenye foleni pale dirisha la dawa. Mama wa ndani akatoa kichwa, akaita, wa hepatitis B aje mbele. Watu wakaangaliana. Nilipoinuka, mwanamke tuliyeshiriki naye benchi akamvuta mtoto wake akamweka upande ule mwingine. Nikapita lile dirisha, nikaenda mpaka nje. Nikasema si nina ile ya Ndila."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeshindwa kusimama kwenye dirisha?"

Ndila alimshika goti juu ya blanketi, wakakaa hivyo mpaka kengele ya wageni kutoka.

*

Aliruhusiwa Jumanne. Daktari wa zamu alimwambia wazi kwamba ini lake lina makovu na halitakuwa tena kama la kijana, ila akimeza kidonge kila siku na akija kupimwa, anaweza kumwona Ciku akimaliza shule na mengi zaidi. Ilibaki kuchukua dawa za mwezi.

Benchi la dirisha la dawa lilikuwa limejaa. Walipata nafasi mwishoni, Ndila akishika mfuko wa nguo magotini. Mama wa ndani alikuwa yule yule. Aliita wa sukari, wakaenda watatu. Aliita wa presha. Kisha akatoa kichwa na karatasi.

"Wa hepatitis B."

Ndila alishika mfuko ili ainuke, aende amchukulie. Gachau alimwekea mkono begani akamrudisha chini. Aliinuka mwenyewe, taratibu, suruali imemlegea kiunoni, akapita mbele ya magoti ya watu wote. Mzee mmoja alijisogeza, labda kwa kumpisha tu.

"Ni mimi," alisema dirishani. "Naitwa Gachau Wainaina. Ukiniita tena mwezi ujao, niite hivyo."

Yule mama alimtazama, akatazama faili. Akaandika kitu pembeni kwa kalamu.

"Gachau Wainaina," alisoma. "Kimoja kila siku, saa ile ile. Ya leo umemeza?"

"Bado."

Alimsukumia pakiti na kikombe cha maji. Gachau alikimeza kidonge pale pale, watu wakiwa nyuma yake.